Kaa Hawakumkimbia

Mimi si mtunzi na sijui kupamba maneno. Chuoni niliishia juzuu ya pili, skuli niliishia darasa la pili, na yaliyobaki nimefunzwa na sindano. Haya ninayokuambia niliyaona mchana kweupe, tumbo limeshiba, sina homa wala sina usingizi. Ukitaka kucheka, cheka sasa umalize, kisha unisikilize.

Uhuru ulikuwa ndio kwanza umetimiza mwaka. Nilikuwa fundi wa magodoro ya sufi, na sioni haya kusema kwamba Mji wa Kale mzima hakukuwa na wa kunishinda. Nilianza na sindano ya kuazima. Nikafika mahali nina nyumba ya mawe, karakana chini, sisi twalala juu. Maharusi wangapi wa mji ule wamelalia kazi ya mikono yangu! Sikupewa na mtu. Sikurithi hata kigoda.

Sasa wewe uliyezaliwa na kulalia sponji huijui sufi. Ni kama pamba, ila ni nyepesi zaidi, na ukiichambua kwa fimbo inapaa. Inaingia kwenye nyusi, inaingia kwenye chai, inapanda ngazi yenyewe na kwenda kulala juu kabla yako. Mimi haikunidhuru. Ilimdhuru mwanangu Zuhura, na wakati ule Mungu alikuwa ametujaalia huyo mmoja tu. Alikuwa na miaka tisa. Usiku kifua chake kilikuwa kikipiga filimbi, na mamake alikuwa akikaa naye kitandani amemwegemeza, mpaka adhana ya alfajiri. Daktari mmoja alimsikiliza kifua, akaniambia mambo mawili: mpeleke mtoto kwenye hewa ya bahari, na umtoe kwenye vumbi la sufi. La kwanza nililisikia vizuri. La pili nilijifanya sikulisikia.

Basi skuli zilipofungwa, likizo ile ndefu ya kaskazi, nikachukua turubai kuukuu la lori, nikalikata na kulishona hema. Nalisifu mwenyewe kwa sababu lastahili kusifiwa: mshono mara mbili, nguzo za mikoko, pazia la kuingilia. Tukahamia upande wa pili wa kisiwa, kule juu ya majabali yanayotazama bahari kuu, ambako siku hizi kunaitwa Mama Ngina na watu huenda jioni kula mihogo. Zamani zile jioni ungeweza kusikia kikohozi chako mwenyewe. Chini ya majabali palikuwa na kipande cha mchanga, na maji yakipwa mwamba wote ulikuwa wazi, waenda kwa miguu mpaka pale unapokatika na kuingia kilindini.

Watu wa Mombasa twajua mandari: sufuria, mkeka, watoto, jioni mwarudi nyumbani. Mandari ya mwezi mzima hakuna aliyepata kuisikia. Muuza kahawa wa mtaani kwetu alisimama akatutazama tukipakia mkokoteni.

“Fundi, umefukuzwa nyumbani?”

“Naenda kupunga upepo.”

“Na magodoro yote hayo watu watalala vipi?”

“Watalala chini kama wewe,” nikamwambia.

Alicheka mpaka akamwaga kahawa. Lakini jioni ya tatu alikuja mwenyewe na dele lake la kahawa kututazama, akakaa mpaka giza, na kuondoka hataki.

Nitakuambia kitu kimoja kwa ukweli. Nilikuwa nimezaliwa kisiwani na kukulia kisiwani, na sikuwa naijua pwani. Samaki nilimjua akiwa kwenye sahani. Zuhura ndiye aliyenifumbua macho. Mtoto yule alikuwa hawezi kukimbia na wenzake, kukimbia kulikuwa kunamkata pumzi, kwa hivyo alikuwa amejifunza kukaa na kutazama. Alikuwa na daftari lake la skuli, akiandika na kuchora. Asubuhi maji yakipwa tulishuka sote watatu, mimi, yeye na mamake na leso yake kaifunga kiunoni, tukachutama kwenye vidimbwi vya mwambani kama watu waliopotewa na pete.

Tulimwona pweza akigeuka rangi ya jiwe, kisha rangi ya mwani, kisha hayupo, na yupo pale pale. Tuliwaona wale kaa wadogo wanaoishi ndani ya makombe ya konokono. Siku moja kombe kubwa tupu lilitupwa na wimbi, na kaa wakajipanga mstari, mkubwa mbele, mdogo nyuma. Mkubwa alipohamia kombe lile, wa pili akaingia lake, wa tatu akaingia la wa pili, mpaka kila mmoja ana nyumba mpya. Hakuna aliyegombana. Nimewaona ndugu wa watu wakigawana urithi, najua ninalolisema. Subhanallah, nilikaa pale nimeduwaa mpaka jua likanichoma shingo.

Na Zuhura alikuwa na hesabu yake. Alitaka kujua kila kiumbe kinakuvumilia mpaka wapi. Alikuwa akikiendea pole pole, akihesabu hatua zilizobaki, na kiumbe kikikimbia aliandika. Sululu, yule ndege mwenye mdomo uliopinda, hatua arobaini. Yangeyange mweupe, ishirini. Wale kaa wa mchangani, weupe wenye macho yaliyosimama, hatua sita, basi, wote shimoni, mchanga mtupu kama hakukuwa na mtu. Alijaribu asubuhi, alijaribu alasiri, alijaribu akiwa na viatu na bila viatu. Hatua sita. Nikajaribu mimi. Kumi na mbili. “Baba, wewe u mzito,” akaniambia, “wakusikia tangu hemani.”

Kifua kilipata nafuu. Nafuu, sikusema kupona. Usiku bado filimbi ilikuja, ila ilikuja kuchelewa. Na siku zilikuwa zinakwisha. Ramadhani ilikuwa inakaribia kuandama, skuli zilikuwa karibu kufunguliwa, na mteja wangu mmoja alikuwa ameshatuma mtu mara mbili kuuliza godoro la harusi. Mke wangu aliniuliza, “Tukirudi, twarudi wapi?” Nikamwambia, “Twarudi kwetu.” Akanyamaza. Mke wangu akinyamaza, usidhani amekubali.

Ilikuwa bamvua, maji yamepwa kuliko siku zote, jua la saa sita liko utosini. Wazee wetu walitukataza kuwa pwani saa hiyo, na sisi tulikuwa pale, mbele ya kile kipande cha mchanga, twala wali wa nazi na samaki wa kupaka. Tukasikia, “Hodi hapa.”

Alikuwa mwanamke, anatoka upande wa mwambani. Amejifunga leso ya mtindo wa zamani, mkononi ana mkoba wa ukindu, na ukimtazama huwezi kusema ana miaka thelathini au sitini. Nikamtazama miguu. Mtu yeyote wa Mombasa angefanya hivyo, kutafuta kwato. Ilikuwa miguu ya mtu, tena mizuri kuliko yangu, ina hina kisigino. Moyo ukatulia. Nikasema karibu, mke wangu akamsogezea sahani.

Alikula kidogo kwa adabu. Kisha Zuhura akamwonyesha daftari, na hapo ndipo mambo yalipoanza kuwa matamu. Mwanamke yule alijua! Alimwambia pweza jike akishataga hali chakula tena, huyalinda mayai yake mpaka afe. Alimwambia kitwitwi, wale ndege wadogo wanaokimbizana na mawimbi, hutoka nchi za barafu na kurudi huko kila mwaka, na kwamba wengine wanarudi kwenye kipande kile kile cha mchanga. Alisema yote haya bila kujitia mwalimu, kama mtu anayekupa habari za majirani zake. Zuhura alikuwa amefumbua mdomo. Hata mimi. Nimewasikia mashekhe, nimewasikia wanasiasa, niamini, sijasikia ulimi kama ule.

Alipoinuka, alimshika mtoto kidevu, akanitazama. “Una binti mzuri. Natamani angekuwa wangu.”

Sasa wewe, kama wewe ni mtu wa kwetu, ungejibu nini? Mgeni akikusifia mwanao, wasema nini? Nilisema tulivyofunzwa wote kusema.

“Huyu ni mwanao, bibi. Mchukue.”

“Kweli?”

“Mimi nikisema nimesema,” nikamjibu, nimejaa majivuno kama gunia la sufi.

Akashukuru, akaenda zake kwa njia aliyokuja. Mke wangu akakusanya sahani. Zuhura hakumtazama yule mwanamke. Alikuwa anatazama mchanga alikopita.

“Baba,” akasema, “kaa hawakumkimbia.”

Nikatazama. Kaa walikuwa wamejaa juu ya mchanga, weupe, macho yamesimama. Mwanamke alikuwa amepita katikati yao na hakuna hata mmoja aliyeingia shimoni. Mbele yake sululu alikuwa amesimama na kudokoa. Alipita karibu naye, leso ikamgusa mgongo, naye sululu akaendelea kudokoa.

Niliposimama mimi, mchanga wote ulikuwa mtupu.

Usiku ule Zuhura alilala bila filimbi. Mara ya kwanza katika miaka mitatu! Nikamgusa mke wangu nimwambie asikilize. Alikuwa macho, amekaa.

“Nasikia,” akasema. “Na wewe je, wasikia ulichomwambia yule?”

“Ah, ni heshima tu.”

“Kwako wewe.”

Siku ya pili nilikwenda kutafuta kuni juu ya majabali. Mamake alikuwa anapika. Saa sita ile ile nikasikia mke wangu anaita jina langu. Jina langu hasa, si baba fulani, na tangu tuoane hakuwahi kuliita. Nikakimbilia ukingoni.

Zuhura alikuwa mbali mwambani, karibu na pale unapokatika, ameshikana mikono na yule mwanamke. Na alikuwa anakimbia. Mwanangu, aliyekuwa hapandi ngazi bila kupumzika katikati! Kicheko chake kilinifikia juu kule. Waliporudi kidogo upande wa mchanga, nikaona kaa. Walikuwa wamemzunguka mwanangu miguuni, wengine wanapita juu ya vidole vyake. Yangeyange alikuwa amesimama pembeni yake, mkono ukinyooshwa anafikika, mweupe, anamtazama kama anavyomtazama yangeyange mwenzake.

Nitakuambia jambo ambalo sikumwambia mke wangu. Kabla ya hofu kunishika, niliona ni vizuri. Sijapata kuona kitu kizuri kama kile, na nimekwenda Makka. Nilisimama. Labda pumzi tatu, labda nne, nilisimama nikitazama.

Mke wangu ndiye aliyenizindua. “Wewe na heshima zako za barazani! Umemgawa mwanangu kama sinia la haluwa! Nenda ukamchukue, maji yanajaa!”

Kweli yalikuwa yanajaa. Maji ya bamvua hayaji na taarifa. Nikateremka majabali, nikaanguka, nikainuka, nikaingia mwambani kwa kukimbia, na kila kilicho hai kikawa kinanikimbia, kaa, ndege, visamaki vya vidimbwini. Nilipowafikia, maji yalikuwa yananifika kwenye vifundo vya miguu. Nikamwita Zuhura. Akanitazama kwa upole, kama mtoto anavyomtazama jirani.

“Salaam aleikum, fundi,” mwanamke akasema.

“Aleikumu salaam. Bibi, nimekuja kumchukua mwanangu.”

“Mwanangu. Ulisema mwenyewe. Ukisema umesema.”

“Lilikuwa neno la heshima.”

“Kwetu neno ni neno.” Hakukasirika. Ingekuwa rahisi kama angekasirika. “Hebu nambie, fundi. Kwangu mimi hakohoi. Waona anavyopumua? Wewe wamchukua umpeleke wapi?”

Je, ningejibu nini? Maji yalikuwa yamefika kwenye goti la mtoto. Nilikuwa mtu ninayejibu kila mtu, mnunuzi, karani, kadhi, na mbele ya mwanamke yule sikuwa na jibu, kwa sababu alikuwa na haki. Alikuwa anamtaka mwanangu apumue. Mimi nilikuwa nataka mwanangu na karakana yangu, vyote viwili, nyumba moja.

“Nitaitoa sufi nyumbani,” nikasema.

“Hiyo pia ni heshima?”

“La.”

“Basi niambie bila heshima.”

Wallahi ilikuwa vigumu. Sijui kama wajua uzito wa kumwambia mgeni aliyekula chakula chako, tena amekukosoa kwa haki, neno lisilo na adabu hata kidogo. Na kuitengua kauli yangu mwenyewe! Nikasema kwa sauti ya juu, kama mtu anayegombana sokoni.

“Sikupi! Huyu ni wangu. Nilikosea kusema, na leo nafuta. Na sufi naitupa, yote, leo hii, hata nikirudi kuazima sindano!”

Akanitazama. Akamtazama mtoto. Akamwachia mkono.

Zuhura akakohoa. Mara moja tu. Yangeyange akaruka. Kaa waliokuwa juu ya jabali karibu nasi wakatawanyika na kuingia nyufani, tsss, kama mchele unaomwagika. Sijapata kufurahi kuona kitu kikimkimbia mwanangu kama nilivyofurahi siku ile. Akalia, “Baba!” Nikamtia begani. Maji yalikuwa mapajani nilipokuwa nikiukaribia mchanga, na sikugeuka nyuma hata mara moja.

Mke wangu ndiye aliyekuwa akitazama baharini. Aliona mwanamke yule alivyokwenda. Nilimuuliza siku ile, nikamuuliza miaka mingi baadaye, na hakunieleza alikwenda vipi wala alikwenda wapi. Aliniambia jambo moja tu, na alilirudia tena mwaka aliofariki: “Alikuwa analia, baba Zuhura. Alikuwa analia kama mimi.”

Tuliling’oa hema kabla ya alasiri. Nilipofika nyumbani sikukaa. Niliitoa sufi, gunia baada ya gunia, nikaigawa kwa mafundi wenzangu, na wakaniona nimerukwa na akili. Godoro la harusi sikulishona. Bwana harusi mpaka leo, akiwa hai, hanisalimii. Tukaiosha nyumba kwa maji, kuta, ngazi, dari, siku tatu. Nikaanza upya na turubai: mahema, vifuniko vya malori ya bandari ya Kilindini, vivuli vya maduka ya Makadara. Umri wangu ule, naanza upya! Nikafika. Mtu aliyefika mara moja hujua njia.

Zuhura hakukohoa tena, si usiku ule, si baadaye. Leo ni nyanya wa watu, ameolewa Voi, mbali na bahari, vumbi jekundu mpaka kwenye sahani, na kifua chake ni kizima kuliko changu. Lakini kuna kitu kilibaki. Anayajua maji. Yuko Voi, anapepeta mchele, mara anasimama, anaweka mkono kifuani na kusema, “Sasa yameanza kujaa.” Mume wake mwanzo alimcheka. Akawa anampigia simu nduguye aliyekuwa kazini Kilindini kuuliza. Haikuwa hata siku moja amekosea. Sasa hacheki tena. Yeye mwenyewe Zuhura hasemi mengi. Nilimuuliza kama anamkumbuka yule mwanamke. Akasema, “Namkumbuka vizuri, baba. Alikuwa anatupenda.” Hakusema alikuwa anampenda yeye peke yake. Alisema anatupenda, na hao wengine ni nani sikuthubutu kumuuliza.

Sasa wewe unayenisikiliza. Sikukatazi kwenda pwani na wanao. Waende, walale kwenye hema, wachutame kwenye vidimbwi, waone kazi ya Mungu, maana huku majumbani mnawaonyesha nini? Na mgeni akija, mkaribishe na umlishe. Ila akimsifia mwanao, mshukuru na ukomee hapo, adabu isikutoe neno usilolitaka. Na kabla hamjatoka nyumbani, pita chumba kwa chumba, uangalie ni kitu gani chako mwenyewe unachokipenda kinachomdhuru mtoto wako. Kipo. Kila nyumba kinakuwepo. Kiondoe leo, wewe kwa mikono yako. Usingoje aje mwingine anayempenda mwanao kuliko wewe, akuulize wampeleka wapi, nawe usiwe na jibu.